Kumfuata Nondo wa Fisher, Kent hadi Essex

Treni ya kutoka London Victoria hufika Whitstable kwa takriban saa moja na nusu. Kutoka stesheni tulitembea kuelekea mashariki hadi Tankerton Slopes, mteremko wa udongo wa mfinyanzi unaotazama bahari. Upande huu wa Kent, hapa ndipo pa kumtafuta Gortyna borelii, nondo (mdudu wa jamii ya vipepeo) aliyegunduliwa Uingereza mwaka 1968, ng'ambo huko Essex, na Ben Fisher.

Huruka kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba, giza likishaingia. Tochi ya mkononi inatosha: mulika mashina ya nyasi ndefu polepole, utafute mabawa ya rangi ya dhahabu iliyoiva yenye madoa meupe. Tazama tu. Kumshika au kumsumbua bila leseni ni kosa la jinai.

Lakini anayetaka uhakika aje Agosti, akague mimea badala ya kusubiri nondo. Kiwavi hula mmea mmoja tu, Peucedanum officinale, ndugu wa shamari mwenye maua ya manjano. Huanza kwa kutoboa shina, kisha hushuka mzizini. Ukiona chini ya shina kirundo cha kinyesi chenye unyevu, mithili ya unga wa mbao, yumo.

Tatizo la kumtunza ni kwamba mayai hayatagwi kwenye mmea huo. Jike huyaficha kwenye nyasi ngumu zilizo jirani, kati ya ala ya jani na shina, nayo hukaa humo majira yote ya baridi hadi machipuko. Ukifyeka vuli, umeondoka na kizazi kizima. Ukifyeka kiangazi, umekata chakula cha viwavi. Ukiacha kabisa, vichaka hufunika mimea. Kinachofaa ni kufyeka vipande vidogo kwa zamu, miaka tofauti.

Kule Essex, kwenye ghuba ya Hamford Water karibu na Walton-on-the-Naze, shida ni nyingine. Ardhi iko chini, nyuma ya kuta za bahari, na maji ya chumvi yakivuka huua mimea. Ndiyo maana Peucedanum imepandwa maeneo ya juu zaidi, bara, bustani ya wanyama ya Colchester ikishiriki. Huo si mradi wa msimu mmoja: mche huhitaji miaka kadhaa kabla mzizi haujanenepa kiasi cha kumlisha kiwavi, na nyasi za kutagia lazima ziwe zimeachwa zirefuke kando yake.