Chambo cha plastiki chenye harufu, kinasaidia wapi na wapi ni hasara tu

Watu wakisikia chambo cha plastiki kina harufu wanadhani ukikitupa tu samaki watatoka huko mbali mbio kama paka waliosikia vyombo vya jikoni. Si hivyo bana. Mimi ninavyoona huku Mtwapa kwenye kriki, kazi kubwa ya ile harufu ni kumfanya samaki aliyekwisha kukitia mdomoni asikiteme haraka, na hako kamuda kadogo ndiko unakokahitaji uvute ndoana imnase.

Kwa hivyo navitumia maji yakiwa machafu baada ya mvua, ama magharibi kiza kikiingia na maji yanapwa, natupa pembeni ya mikoko natafuta tewa na kungu. Naacha kizame mpaka chini, nakiinua kidogo, nakiacha kitue tena, polepole, manake ukivuta mbio samaki ananusa saa ngapi? Kolekole wakiwa wanafukuza vidagaa huko juu harufu ni kupoteza pesa bure, yule anaona anapiga, mtupie chambo cha chuma tu.

Halafu kinachokunukia wewe si lazima kimnukie samaki. Yeye anahisi vitu vilivyoyeyuka kwa maji, na mafuta hayayeyuki, sasa ile plastiki ya kawaida iliyopakwa mafuta inasumbua pua yako zaidi kuliko yake. Chambo za Gulp za kampuni ya Berkley si plastiki ya kawaida, zinakaa kwa maji yake ndani ya paketi na harufu inatoka vizuri, shida ukiisahau kwa ndoana juani inakauka inakakamaa mpaka uitoe kwa kisu. Na ile juisi ikimwagika kwa gari, pole sana, hapo hata abiria utakosa. Zile za kampuni ya Z-Man zinavutika na hazikatiki ovyo, ila usiziweke boksi moja na plastiki zingine, zinayeyushana na unakuta donge moja la rangi rangi.

Ukikivalisha, hakikisha kimekaa sawa kwenye ndoana, kikipinda kidogo tu kinazunguka na laini yote inajisokota.

Adui mkubwa lakini ni bunju, yule samaki anayejifura. Anakata mkia wa chambo safi, alama ya nusu duara, na mkononi husikii kitu. Ukiona chambo cha kwanza kimerudi hivyo, hama hapo hapo, ama toa mshipi wako na vipande vya ngisi, hivi vya dukani ni ghali na mikia yote anayokata inabaki humo baharini.