Folda 41 za Nanyamba

Jirani kachoma korosho uani jana, kwenye debe, ule moshi wa maganda unaowasha macho ukanifuata mpaka chumbani, nikajikuta nimerudi Mtwara kwenye ile ofisi yetu yenye dirisha bovu.

Mnakumbuka nilivyokuwa naringa na Python, ile lugha ya kuandikia programu, enzi zile. Basi nyaraka za wakulima zilikuwa zinapotea kwenye seva, leo kijiji kipo kesho hakipo, bosi akaona mchawi ni dogo wa field, dogo akaambiwa asirudi Jumatatu. Mi nikasema subirini, nitaleta ushahidi. Nikaandika kiskripti, mistari 30 na kitu, kila jioni kinapita folda zote kinaandika majina kwenye faili, kesho yake kinalinganisha na orodha ya jana, ya jana isiyopo leo imefutwa, ya leo isiyokuwepo jana ni mpya. os.walk, ile amri ya Python ya kupita folda moja moja, ndo ilifanya kazi yote kusema kweli.

Siku ya tatu ripoti ikatoka: ZIMEFUTWA 41. Sikusoma zaidi. Nikaprinti, nikaingia nayo kwa bosi kifua mbele, Njengwa haipo, Mnima haipo, Kitaya haipo, Dinyecha haipo, na dogo yuko kwao! Kwa hiyo sio yeye! Bosi akauliza nani mwingine anagusa hizo folda, watu wote wakamgeukia mama wa masjala.

Mama hakujibu. Alifuta mikono kwenye kanga, akatoa miwani kwenye pochi, akaivaa, akaishika karatasi mbali kidogo na uso, akaanza kuipitia jina moja moja kwa kidole, midomo inatembea, na sisi tumesimama pale kama tunasubiri matokeo ya mtihani, feni ya juu inalia kwi kwi. Kidole kikafika mwisho wa ukurasa, akageuza nyuma. Mi hata sikujua kuna nyuma.

"Mwanangu, mbona huku pameandikwa MPYA 41?"

Majina yaleyale. Nanyamba ilishapata halmashauri yake, mama akavitoa vijiji vyake kwenye folda ya Mtwara Vijijini akaviwekea folda yao, na hata zile za mwanzo tulizosema zimepotea zilikuwa humo humo, tulikuwa tunazitafuta kwenye ramani ya zamani. Skripti yangu haijui kuhama, kwake folda ni njia yake nzima, yaani jina pamoja na mahali ilipo, ikihamishwa inahesabika imekufa huku na imezaliwa kule. Seva ilikuwa sawa kuliko sisi wote.

"Shikamoo mama," nikasema, sijui kwa nini, maana asubuhi nilishamwamkia. Akacheka, akasema marahaba, akarudi masjala.

Baadae nikaiongezea ilinganishe majina na ukubwa wa mafaili yaliyomo, vikifanana iandike IMEHAMA, japo mtu akihamisha na kubadili jina kwa mkupuo mmoja akiwa ameongeza na vitu ndani bado inachanganyikiwa.

Dogo tulimpigia siku ileile. Haipatikani. Bosi akasema atampigia tena, sikumuuliza kama alipiga, na mi namba nilikuwa nayo.

Skripti ninayo hadi leo, nimeihamisha kompyuta tatu. MPYA inaanza juu, ZIMEFUTWA nimeiweka chini kabisa.