Buti ya CV imenipeleka Grogan

Wadau, leo nimeshinda Grogan, kule kwa mafundi na spea za magari Nairobi.

Fundi alilala chini ya gari, akapitisha kidole kwenye buti ya CV iliyopasuka, yaani ile raba inayofunika jointi ya shafti ya gurudumu na kushika grisi yake. Kikatoka na grisi nyeusi iliyojaa mchanga. Akanipaka kiganjani nijionee.

Ilikwaruza kama msasa! Hapo ndipo tumbo liliponicheza.

Bahati nzuri jointi bado nzima, haijaanza ile tak-tak-tak ukikata kona.

Muuza spea alinisukumia buti ya kubandika kwa gundi, ati shafti isitolewe. Nikakataa katakata. Shafti ikatoka, jointi ikaoshwa mchanga wote, grisi mpya ikajazwa, klipu zikakazwa.

Mlioko barabara za vumbi huko Ruai, buti zenu hudumu kweli? Na mnanunua za aina gani?