Kisanduku cha wanufaika

Saa tano usiku. Umeme umekatika na kurudi mara mbili, na mimi bado nimekwama kwenye kisanduku kile kile cha andiko la mradi, la kuombea ruzuku kituo chetu cha watoto wenye usonji (autism): "Idadi ya wanufaika wa moja kwa moja." Nimeandika 14. Nimefuta. Nimeandika 14 tena.

Wafadhili wanapenda namba zilizonona. Mwaka jana tuliomba ruzuku kwingine, tukajibiwa mradi ni mzuri ila unafikia watu wachache. Jamani, mtoto mwenye usonji hafundishwi kama kwaya. Tuna vyumba viwili vya kupanga hapa Temeke, mwembe uani na wasaidizi watatu. Na kuna siku wote watatu wako kwa mtoto mmoja aliyeshtushwa na honi ya bodaboda.

Jumanne, kijana wetu wa miaka tisa alichukua kadi yenye picha ya kikombe akaniwekea mkononi. Anataka maji. Miezi saba tumemshikia kadi ile, yeye akiitafuna tu. Bibi yake, anayemleta kwa daladala mbili kila asubuhi, alikuwa mlangoni anavua viatu. Akabaki na kimoja mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "kumbe siku zote zile analia, alikuwa na kiu?"

Hilo nalo niliweke kwenye kiashiria kipi cha mafanikio?

Bajeti ndiyo inanichosha zaidi. Mwongozo unataka mishahara na pango visizidi asilimia 20. Lakini huduma yenyewe ni mikono ya watu! Waondoe wale dada watatu, unabaki na mwembe. Semina ya siku mbili yenye chai, posho na bango inalipiwa bila swali. Fulana za Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, sijawahi kuzikosa. Ninazo za miaka minne, moja ndiyo nimeivaa sasa hivi kulalia.

Watu huniambia nenda halmashauri, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyowekwa kisheria tangu 2018: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nilikwenda, nikapokewa vizuri tu. Ila ule ni mkopo. Hauna riba, sawa, lakini unarejeshwa, na mimi sifugi kuku wa mayai; nitauza nini nirejeshe? Baadhi ya mama zetu wamekopa kwenye fungu la wanawake, wanatengeneza sabuni ya maji, na faida kidogo inaingia kwenye ada. Nawapongeza. Ila mama aliyekesha na mtoto asiyelala, kisha alfajiri akakoroge sabuni ili mtoto huyo huyo apate mwalimu... basi, niishie hapo.

Mhasibu wetu wa kujitolea amenipigia jioni. "Dada, hesabu na majirani, hesabu na mtaa mzima, utafika mia tano." Nimecheka. Baadaye nikajikuta kweli nahesabu nyumba za mtaani.

Nimeacha 14. Kwenye maelezo ya ziada, maneno yasiyozidi 150, nimeandika habari ya kikombe, na nafasi imeisha kabla sijamfikia bibi na kiatu chake. Mwisho wa kutuma ni kesho saa sita mchana. Umeme umekatika tena. Betri inasoma asilimia 9.