Mchele Usiooshwa: Mkesha wa Krismasi wa Kidenmark Kwa Familia Zetu

Kwetu sikukuu ni tarehe 25. Tarehe 24 ni ya kusuka nywele, kuchambua mchele na kwenda ibada ya usiku. Denmark sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24, na familia mchanganyiko isiyojipanga hujikuta inatafuta krimu wakati maduka makubwa yameshafungwa. Siku hiyo hufungwa saa 9 alasiri.

Mtoto mwenye bibi Odense na bibi Moshi anastahili kuzipata mila za bibi wote wawili, kila moja ikiwa imefanywa sawasawa. Ndiyo maana sishauri kuzichanganya kwenye meza moja. Tarehe 24 iachieni Denmark nzima nzima. Pilau lipikwe tarehe 25 au 26, maana zote mbili ni siku za mapumziko na ndizo ndugu hualikana chakula cha mchana. Hapo litaliwa kwa nafasi yake, na wakwe watakula wakashiba.

Kazi huanza tarehe 23, kwa uji mzito wa mchele uitwao risengrød. Na hapa ndipo mpishi wa kwetu hukosea, kwa sababu ya ustadi wake mwenyewe. Tumefundishwa kuosha mchele mpaka maji yatoke meupe, na kuusifu wali unaochambuka punje kwa punje. Uji huu unataka kinyume chake. Wanga unaotoka na maji ya kuoshea ndio unaoufanya uwe mzito. Basi usioshe, na usitumie basmati wala mchele wowote mrefu; nunua pakiti iliyoandikwa grødris, mchele mfupi wenye punje nene.

Pika wa siku mbili kwa mpigo mmoja: mchele gramu 450, maji desilita 4, maziwa yasiyopunguzwa mafuta lita 2. (Vipimo vya huku ni desilita, moja ni mililita 100.) Chemsha mchele na maji peke yake kwa dakika 2 hivi, ukikoroga, ndipo umimine maziwa. Endelea kukoroga mpaka yachemke, kisha punguza moto uwe mdogo kabisa, funika, acha dakika 35 hadi 40. Funua mara kwa mara upitishe mwiko chini ya sufuria. Maziwa hushika chini upesi, na uji ukishashika usiukwangue: hamishia ule wa juu kwenye sufuria nyingine, la sivyo harufu ya kuungua itaenea wote. Chumvi itiwe mwishoni.

Nusu yake huliwa moto jioni hiyohiyo, ukinyunyiziwa sukari na mdalasini, na kipande cha siagi katikati ya sahani. Nusu ya pili iache ipoe, uiweke kwenye friji usiku kucha. Hiyo ndiyo itakayokuwa risalamande, jina lililotokana na Kifaransa, maana yake wali wa lozi.

Kesho yake mwagia lozi gramu 100 maji yanayochemka, subiri dakika 3, maganda yatavuka ukizibinya. Chagua moja nzuri, uiweke kando. Nyingine zikate vipande vikubwavikubwa. Ukizisaga, ile nzima itajulikana mara moja na mchezo utakuwa umekwisha. Ulegeze uji kwa maziwa kidogo kama umeganda, tia sukari vijiko vikubwa 3, mbegu za vanila na vipande vya lozi. Piga krimu desilita 5 mpaka ishike kidogo, isiwe ngumu. Ichanganye taratibu, nusu kwanza, halafu iliyobaki. Uji ukiwa bado na uvuguvugu, krimu itayeyuka na utabaki na kitu cha kunywa badala ya kitu cha kula. Hilo halitengenezeki tena. Huliwa baridi, na mchuzi wa cheri wa moto juu yake. Wa chupa unatosha kabisa.

Ile lozi nzima hufichwa ndani. Atakayeipata huificha shavuni akae kimya, ili wenzake waendelee kula wakiitafuta, na mwisho hupewa zawadi iitwayo mandelgave. Kwa desturi ni nguruwe wa marsipani, yaani wa lozi zilizosagwa na kukandwa na sukari, lakini nyumba isiyotaka nguruwe hutoa kitu kingine na mila haipungui. Watoto wadogo sana wapakuliwe bakuli lao lisilo na lozi, kwa maana lozi nzima inaweza kumkaba mtoto.

Kabla ya hapo huliwa bata wa kuoka au nguruwe, pamoja na kabichi nyekundu na viazi vya sukari ya kuunguza. Viazi hivi huwatisha wengi bure. Viazi vidogo kilo 1 vichemshwe na kumenywa mapema, vipoe, vichujwe maji. Tandaza sukari gramu 100 kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, usiikoroge mpaka iyeyuke yenyewe. Ukiikoroga mapema itafanya mabonge. Ikiwa rangi ya dhahabu, tia siagi gramu 30, kisha viazi. Sukari itaganda ghafla. Usiondoe kitu: viache motoni, ukivigeuza, itayeyuka tena na kuvipaka vyote. Ikifikia rangi ya kahawa iliyokolea imeshakuwa chungu, anza upya.

Siku za kungoja, watoto wafundishwe mioyo ya karatasi ya kusuka. Moyo wa zamani zaidi unaojulikana ulitengenezwa na Hans Christian Andersen mwaka 1860. Chukua karatasi nyembamba za rangi mbili, kila moja upana sentimita 6 na urefu 18, uzikunje katikati. Kata ncha zilizo wazi kwa mviringo. Upande wa mkunjo kata mistari 3 yenye urefu wa sentimita 6 na nusu. Mstari ukiwa mfupi kuliko upana wa karatasi, moyo hautafunga, na utachanika ukiulazimisha. Aliyezoea kusuka ukili atapitisha juu na chini. Lakini hapa utepe hupita ndani ya mwenzake, halafu huuzunguka unaofuata. Ukisuka vizuri, moyo hufunguka kama kikapu na unaweza kutiwa peremende.

Wenye muda wakaange pia klejner, vitobosha vya unga vyenye iliki. Mtu wa Mombasa akionja atakumbuka visheti.

Baada ya chakula mti husogezwa katikati ya chumba, watu hushikana mikono na kuuzunguka wakiimba, na zawadi hufunguliwa baadaye, moja moja, kila mtu akitazama. Familia nyingi bado huwasha mishumaa halisi mtini. Mti uwe umesimama kwenye maji, na pasiwe na tawi juu ya mwali wowote. Washa kuanzia juu kushuka, zima kuanzia chini kupanda, ili mkono wa shati usipite juu ya moto. Ndoo ya maji ikae karibu, na chumba kisiachwe bila mtu mzima hata kwa dakika moja.