Siku moja maishani mwangu: gemu natengeneza, sichezi

Saa 11 na nusu alfajiri. Naamka kuwahi bando la usiku, maana saa 12 kamili linakata. Kuna faili za Godot niliziacha zinashuka tangu saa 8. Zimefika zote, nashukuru. Godot ndiyo programu ninayotengenezea gemu. Ni ya bure, haidai ada wala mgawo wa mapato. Zamani nilitumia programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, Unity. Septemba 2023 walitangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa ukishavuka kiwango fulani, mwaka uliofuata wakaifuta, ila mimi nilishahamisha vyombo.

Saa 1 natoka nje kupiga mswaki. Hapa Igogo, Mwanza, nyumba zimejibana katikati ya mawe, na mama mwenye nyumba anafagia kaeneo kalikobaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo gemu bado hujaimaliza tu?"

"Bado mama."

"Mwaka wa pili huu! Mjukuu wangu ya kwake kaimaliza siku tatu."

Nilishaacha kubisha.

Gemu yenyewe ni ya simu, ya kuvua dagaa usiku. Unasukuma mtumbwi, unawasha taa, unasubiri dagaa wajae chini ya mwanga, unanyanyua wavu kabla upepo haujageuka. Nilidhani wachezaji watakuwa wanafunzi. Kumbe ni wavuvi wenyewe na wachuuzi wa mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni, na hilo limenipindulia ratiba nzima. Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa yako haina maana, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Simu ina chaji, mtu kajilaza, hana la kufanya. Nilikuwa naachia apdeti kila Ijumaa na watu wanaipakua baada ya wiki mbili. Sasa naachia kwa mwezi, nina maana ule wa angani. Leo ni Jumamosi na mwezi umejaa, kwa hiyo leo ndiyo leo.

Saa 2 chai na chapati mbili, kuandika kodi kidogo (yaani maagizo ya gemu, si ya TRA), chai tena.

Saa 3 niko kwenye banda la gemu kule Mkuyuni, kwa sababu toleo hili ndilo la kwanza kukubali pedi, kile kidude cha mkononi chenye vijiti na vitufe vya kuchezea. Mwenye banda kanipa runinga ya pembeni niunganishe kompyuta yangu. Dogo wa kwanza anashika pedi, hajagusa kitu, na mtumbwi unaanza safari ya Ukerewe wenyewe.

Nikafungua ukurasa wa namba. Kijiti cha pedi kikiachwa huru kinatakiwa kusoma 0. Hiki kinasoma 0.19 kwenda mbele. Nikaazima bisibisi, nikafungua. Chini ya kijiti kuna vidude viwili vidogo vinavyopima kimeinama kiasi gani. Ndani yake kuna utepe mweusi wa kaboni, na huu umelika mpaka unang'aa, juu yake vumbi limeshikana na mafuta ya maandazi. Dole gumba la watoto wa Mkuyuni limefanya kazi hiyo. Nyumbani pedi yangu ni mpya, kwa hiyo niliweka kwamba chochote chini ya 0.1 kipuuzwe, nikaona nimemaliza. Nikapima pedi zote nane za banda. Nzuri kuliko zote ilisoma 0.06, mbovu kuliko zote 0.23.

Nikapandisha mpaka 0.25. Mtumbwi ukatulia, lakini ukisukuma kijiti taratibu hauendi, hauendi, halafu ghafla unaruka kama umepigwa teke. Ni kwa sababu nilikata tu. Inabidi uivute ile sehemu iliyobaki, ili 0.25 ihesabiwe kuwa sifuri na 1 ibaki kuwa 1. Mistari mitatu ya kodi. Kuisikia mkononi kwamba sasa imekaa sawa: saa nzima na nusu. Vitufe navyo vina ugomvi wake. Pedi za bei rahisi kila moja hujitaja inavyotaka, X ya hii ni duara ya ile. Apdeti ijayo itakuwa na ukurasa unaosema "Bonyeza kitufe unachotaka kinyanyue wavu", basi, kila mtu na chake.

Halafu kuna jambo nimeliona hapo ambalo lilinikaa kichwani. Banda linatoza 200 kwa dakika kumi. Dogo mmoja nilimhesabu, katoa 200 mara sita, bila kunung'unika. Gemu yangu nzima, ya kwako milele, ni 2,000, na kuna watu wananiita mwizi.

Saa 5 na dakika kumi simu ikaita.

"Wewe ndiye dada wa gemu? Mtumbwi wangu uko wapi?"

Niwaeleze kwanza. Nina maduka mawili. Toleo la Play, duka la Google la programu za simu, ni la bure lenye matangazo, na huko kitu cha kuuza ndani ya gemu kwa kawaida kinapita kwenye mfumo wa malipo wa Google, nao wanachukua asilimia 15 ya dola milioni 1 ya kwanza kwa mwaka. (Hiyo milioni sijaifikia, msinicheke.) Wateja wangu wengi hawana kadi ya benki. Kwa hiyo kuna toleo la pili linalotembea mkononi, simu kwa simu: unatuma 2,000 kwenye lipa namba yangu, nakutumia namba ya siri, mitumbwi yote inafunguka. Huyu bwana alinunua, kisha akabadilisha simu.

"Nitumie namba ya muamala, kaka."

"Meseji nilifuta."

"Pesa ilitoka namba ya nani?"

"Ya shemeji."

"Shemeji anaitwa nani?"

"Shemeji yupi? Ninao watano."

Dakika arobaini tukazunguka hapo hapo. Mwisho akasema yeye haongei biashara kwenye simu, nije mwaloni. Nikapanda daladala mpaka Kirumba, jua la saa 7, njaa inauma. Nikamkuta kakaa juu ya magunia ya dagaa, anapima mzigo wa mteja, akaninyooshea kidole nisubiri. Nikasubiri. Akapima gunia la pili, la tatu. Akapokea simu. Akala muwa. Watu walipokusanyika vya kutosha ndipo akageuka: "Jamani, huyu ndiye aliyeniuzia mtumbwi hewa."

Walicheka, na mimi nilicheka kwa aibu.

"Nikuulize," akasema. "Nikinunua injini dukani, mtumbwi ukaoza, nikanunua mtumbwi mwingine. Injini ni ya nani?"

"Yako."

"Haya. Simu si ndiyo mtumbwi?"

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu kosa ni langu. Namba ya siri niliifunga kwenye simu badala ya kuifunga kwa mtu. Niliona ni kinga dhidi ya wanaogawiana bure. Sasa mtu mzima kanunua kihalali na mimi nimemfukuza majini.

Na kwa upumbavu wangu nikaona ndiyo nafasi ya kujaribu mpango niliokuwa nao daftarini: kulipia kwa mwezi, 1,000.

"Kila mwezi? Hata mwezi ambao sijacheza?"

"Ndiyo, kaka."

Akawatazama wenzake kama mtu anayetafuta mashahidi. Kijana mmoja mbeba magunia, jasho linamtiririka, akasema bila hata kusimama, "Si afanye kama bandani? Mtu alipe siku anayocheza." Akapita na gunia lake.

Nilikaa kwenye gunia nikaandika: 300 kwa siku, kila kitu wazi; anayetaka kununua moja kwa moja anunue, na ununuzi ufuate namba yake ya simu, si kifaa. Yule bwana nikampa namba mpya. Akadai fidia ya usumbufu. Nikampa taa mbili za ziada kwenye gemu, akasema tatu, tukaishia tatu.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nilikula wali na sato nimesimama. Nilirudi nyumbani umeme hakuna, betri ya kompyuta asilimia 38, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka macho yakauma. Nikarekebisha lile la namba ya simu, likaharibu kuhifadhi mchezo, nikarekebisha kuhifadhi, sauti ya maji ikapotea. Nikawatumia wajaribu wangu 12. Ni wale wale niliowaokota wakati ule wa kufungua akaunti ya Play, maana akaunti binafsi mpya lazima iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kutoa gemu hadharani. Nilikuwa nao 12 kamili, bila akiba. Fundi simu wangu alijitoa siku ya 11 na nikaanza kuhesabu upya. Leo kajibu wa kwanza: "Iko poa ila maji hayalii." Najua, kaka. Najua.

Maji yakalia usiku, betri ikiwa 9. Nikawasha intaneti ya simu, nikaanza kupandisha toleo la mkononi, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe, maana hapo juu ndipo mtandao unashika. Mwezi uko juu kabisa. Kwenye ghuba yote huoni taa hata moja. Usiku mwingine pale chini hung'aa kama mji wa pili. Asilimia 60. Asilimia 93, ikasimama, nikaishiwa pumzi. Mia.

Dakika chache baadaye ujumbe ukaingia, ni bwana wa mwaloni. Kashapakua. Kaniandikia: "Dada, taa nimeziona. Sasa mtumbwi wa zamani naweza kumuuzia shemeji?"