Namba Chini ya Rangi

Mtoto wa dada yangu kaniuliza juzi mbona Vespa ya babu yake ina doa la chuma kitupu kwa nyuma, chini ya kifuniko cha injini, na mbona halipakwi rangi ila grisi. Jibu lake linaanzia Mombasa, kwenye mirathi ya marehemu baba.

Vespa yenyewe ni 150 Super, ya magurudumu ya inchi 8, toleo lililotoka Italia kuanzia 1965 hadi 1979. Kadhi alishagawa: mama thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kilichobaki chetu watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Ila Vespa haikatwi mafungu, na kadi ya usajili inataka mwenyewe mmoja. Ikathaminiwa, bei ikahesabiwa katika fungu langu, na warithi wote wakatia saini ya ridhaa. Anayerithi chombo asitoke bila ya karatasi hiyo. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina msamaha kwa vitu vilivyotumika vya marehemu vinavyokwenda kwa mrithi, lakini chombo cha moto usikihesabu kuwa kimo humo mpaka uambiwe kwa maandishi.

Safari ilikuwa ya Wete, Pemba, iliyo kusini ya Mombasa, basi tukangoja upepo wa kaskazi. Petroli ikamwagwa yote, ya tangi na ya kabureta. Kijiko cha oili kikatiwa kwenye tundu la plagi, kiki ikakanyagwa taratibu ili oili ienee kwenye silinda. Jahazini ikafungwa wima, kamba zikapita kwenye bodi, usukani ukaachwa na waya zake. Vespa ikilazwa, oili ya gia huvuja. Chini ya turubai tukatanguliza shuka, maana turubai tupu hufungia unyevu wa chumvi.

Pale Wete afisa wa forodha aliomba namba ya chesisi, yaani ya bodi. Kwenye kadi iliandikwa inayoanza na VBC1M. Akainama, akaivua kifuniko cha kulia, akakuta rangi: kijani, chini yake nyeupe, chini yake kijani tena. Kuli mmoja akaleta tupa. Nikaweka kiganja juu ya bodi. Tarakimu zile zimepigwa kina kifupi; tupa ikipita mara mbili zimekwenda, na namba iliyokwaruzwa kila anayeiona huidhania ya wizi.

Ikapatikana dawa ya kuondolea rangi. Unaipaka kwa brashi, unangoja rangi ivimbe na kujikunja, unaifuta kwa kitambaa, unapaka tena. Halafu brashi ya shaba, kwa mkono mwepesi. Chuma kilipotoka nikakisugua chaki, nikafuta juu juu, chaki ikabaki ndani ya mikwaruzo. V, B, C, 1, kisha T. Afisa akaweka karatasi, akapitisha penseli kwa ubavu, namba nzima ikapanda juu ya karatasi. Akaiweka pembeni ya kadi. Kidole chake kikasimama kwenye T, kikahamia kwenye M, kikarudi.

Katika Vespa T ni ya bodi, M ni ya injini. Aliyeijaza kadi zamani aliandika namba ya injini mahali pote pawili. Baba aliipanda kwa kadi hiyo umri wake wote na hakuna askari aliyewahi kuinama.

Vespa ikalala bohari. Kadi ikarudi Mombasa, maana ni Kenya iliyoitoa na ni Kenya tu inayoweza kuisahihisha. Iliporudi, ushuru ukalipwa, ukaguzi ukapita, ikafungwa namba ya Zanzibar, ya Z. Oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli, plagi mpya, ikawaka.

Sijui nimshukuru afisa yule au nimlaumu kwa wiki zile. Labda yote mawili.

Sasa inatoa moshi mzito na oili ya gia, ambayo hujaa mililita 250 tu, inapungua. Hiyo ni sili ya kranki, mpira unaozuia oili kwenye mhimili wa injini, upande wa klachi; ikichakaa injini hunyonya oili na kuichoma. Ingekuwa ya upande wa sumaku, injini ingejipandisha mbio yenyewe kwa kuvuta hewa. Fundi anataka kunibadilishia kesi nzima ya injini, lile ganda lake la nje, anayo nyingine nzuri. Nimemkatalia. Namba ya M imepigwa kwenye kesi hiyo, na sili hubadilishwa kwa kuipasua kesi ileile na kuifunga tena.